Wote walikimbilia simba, bibi akabaki na ndege

Ni saa 12 na nusu asubuhi, Jumamosi, na kunguru wa Kibamba wameshaamka zamani. Wengine wako juu ya paa la duka la vifaa vya ujenzi, wengine kwenye nyaya za umeme, na watatu wako chini wanagombea mfuko wa taka uliochanwa na paka usiku. Mtoto wa miaka sita, kaptula mpya na kofia kichwani, anawarushia kijiwe. Wanaruka hatua mbili, wanarudi palepale.

"Bibi, kwa nini ndege wote ni weusi?"

Bibi yake, mwanamke wa miaka 67 anayemeza dawa za shinikizo la damu kwa mwaka wa tisa sasa, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akisubiri bajaji. Anacheka. Kisha anamtazama mtoto usoni na kugundua kwamba hatanii.

Mtoto huyo amezaliwa Kibamba na ndiko anakokulia, na ndege anaowaona kila siku ni kuku wa jirani na kunguru. Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu wenyewe ni wageni. Asili yao ni India, na waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, chini ya utawala wa Waingereza, kwa matumaini kwamba watasaidia kula taka za mji. Taka hazikuisha, kunguru wakaongezeka. Walivuka hadi Bara, wakaizoea Dar es Salaam, na leo wanafuata makazi mapya kando ya Barabara ya Morogoro kadiri watu wanavyojenga. Chakula chao si taka tu. Wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo, wale wenye rangi na sauti nzuri ambao zamani walitaga kwenye miembe na mipapai ya uani. Serikali na wadau wa uhifadhi wamewahi kuendesha kampeni za kuwapunguza kwa mitego na kwa sumu. Wakazi wa jiji wanajua matokeo yake kila wanapoanika samaki.

Kwa hiyo swali la mtoto halikuwa la kijinga.

Bibi alizaliwa Pangani na aliishi huko hadi alipofiwa na mume, mwanawe akamchukua kuja kuishi naye Kibamba. Anapendwa na hana shida ya chakula. Tatizo ni kwamba geti likifungwa asubuhi, limefungwa. Mwanawe ni dereva wa lori na anakaa njiani wiki nzima, mkwewe ana saluni, watoto wako shule. Kila mwezi kliniki muuguzi humwambia jambo lilelile: dawa asiache, chumvi apunguze, na atembee. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wazee wakiwamo, wafanye mazoezi ya wastani yasiyopungua dakika 150 kwa wiki. Bibi husikiliza, huitikia, na akirudi nyumbani hukaa barazani. Atembee kwenda wapi? Barabara kubwa ya njia nane inamtisha, na vichochoro vya ndani hana anayemjua.

Ndiyo maana safari hii nusura imwache. Jioni ya kuamkia Jumamosi mkwewe alimuuliza kwa upole, "Mama, kule kuna kutembea sana. Magoti yatakubali?" Kila mtu sebuleni alielewa maana ya swali hilo.

"Magoti ni yangu, mwanangu," bibi akajibu. "Nitayauliza mwenyewe."

Kutoka Kibamba kwenda Kigamboni ni kutoka ncha moja ya jiji hadi nyingine. Zamani kidogo mtu angesema ni kutoka Kinondoni kwenda Temeke. Siku hizi Kibamba iko Wilaya ya Ubungo na Kigamboni ni wilaya inayojitegemea, lakini mgawanyo wa wilaya haujafupisha safari. Bajaji hadi barabara kubwa, daladala hadi Kimara, kisha mwendokasi mpaka Kivukoni. Mwenye gari binafsi hupita Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa Aprili 2016. Asiye na gari hupanda pantoni, na kwa familia yenye watoto pantoni ni sehemu ya matembezi. Hapo Feri, harufu ya soko la samaki ikiwa imejaa hewani, mtoto alimwona ndege mweupe, shingo ndefu, kasimama kwenye ukingo wa mtumbwi kama anasubiri zamu yake.

"Bibi! Mweupe!"

"Huyo yangeyange," bibi akasema, bila hata kufikiri.

Mkwewe akainua macho kwenye simu. Hakujua kwamba mama mkwe wake anajua majina ya ndege. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Upande wa Kigamboni ndiko iliko bustani ya wanyama ambayo wengi huiita kwa jina lake la Kiingereza, Dar es Salaam Zoo. Kwa familia nyingi za jijini ni njia rahisi ya kumwonyesha mtoto simba bila kugharamia safari ya Mikumi au Serengeti. Na simba ndiye kila mtu anayemfuata. Ukitaka kujua Watanzania wanavyotembelea bustani ya wanyama, kaa karibu na mabanda ya ndege kwa dakika 20, katika bustani yoyote ile, usikilize. Baba anapita na mtoto mabegani. Vijana wanapita wakipiga picha. Mtoto mmoja anasimama, anaanza kunyoosha kidole, anavutwa mkono: "Hao ndege tu, twende." Neno hilo "tu" utalisikia mara nyingi.

Familia ya Kibamba nayo haikuwa tofauti. Hata robo saa haijaisha, mjukuu mkubwa, wa miaka 11, alishamvuta mama yake kuelekea kwa simba, na mdogo akafuata mbio. Bibi alikwenda hatua zilizomtosha. Goti la kushoto likakataa. Palikuwa na benchi chini ya mti, karibu na uzio wa ndege.

"Mama, kaa hapa upumzike, tunarudi sasa hivi," mkwewe akasema.

Akakaa. Mbele yake alikuwapo tausi.

Tausi ni ndege wa ajabu kwa Watanzania: wote wanamjua kwa jina, wachache wamewahi kumtazama kwa dakika tano. Pwani wapo kina mama wengi wanaoitwa Tausi. Kwenye Ikulu ya Dar es Salaam tausi wamezoeleka bustanini kwa miaka mingi, na Mei 2020 Rais John Magufuli aliwazawadia marais wastaafu na Mama Maria Nyerere ndege hao, jambo lililosemwa mitaani kwa wiki nzima. Asili yake ni Asia ya Kusini, na India ilimfanya ndege wa taifa mwaka 1963. Mkia ule mrefu (kwa kweli si mkia, ni manyoya ya mgongoni yanayoufunika mkia) huwa wa dume peke yake, na hupukutika kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kisha huota upya.

Mjukuu mdogo alirudi mapema kuliko ilivyotarajiwa, mdomo umening'inia. Simba alikuwa amelala. Wala si ajabu, kwani simba anaweza kulala au kujipumzisha hadi saa 20 kwa siku, na hajui kwamba kuna mtu amekuja kumwona kutoka Kibamba.

"Kaa hapa, mume wangu," bibi akamwambia, kwa utani ule wa bibi na mjukuu. "Huyu wangu hajalala."

Mtunza wanyama mmoja, kijana aliyekuwa akifagia karibu, aliwaamkia. "Shikamoo, bibi." Akaokota unyoya wa tausi uliodondoka na kumpa mtoto aushike. Alimwambia augeuzegeuze juani. Bluu ikawa kijani, kijani ikawa kama dhahabu, kisha upande mmoja ukawa kahawia tupu. Mtoto alidhani rangi imetoka mkononi mwake.

Haikutoka, kwa sababu rangi hiyo haikuwamo kama rangi ya ukutani inavyokuwamo. Ndani ya unyoya wa tausi kuna madoa ya rangi nyeusi na kahawia tu, yaleyale yanayoipa ngozi ya binadamu weusi wake. Bluu na kijani hutokea kwa jinsi vipande vidogo sana vya unyoya vilivyopangwa vinavyorudisha mwanga, kama tone la mafuta ya gari juu ya dimbwi la maji. Ndege wengine hupata rangi kwa njia tofauti. Heroe wa Ziwa Natron huzaliwa na manyoya ya kijivu na huwa wa waridi kutokana na chakula, kwa viini vya jamii ileile iliyomo kwenye karoti na viazi lishe, vile ambavyo wahudumu wa afya huvisisitiza kwa mama mwenye mtoto mdogo kwa ajili ya vitamini A. Na yule shorobo wa misituni, mwenye mbawa nyekundu zinazoonekana anaporuka, wekundu wake una madini ya shaba. Shaba hasa, kama ya nyaya za umeme.

Mjukuu aliuweka unyoya kwenye kofia.

Kutoka benchi hilo hadi banda la kasuku ni hatua kama 30. Bibi alisimama mwenyewe, bila kuambiwa. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ndiye anayejulikana zaidi kwa kuiga sauti, na umaarufu huo ndio uliomponza. Amekamatwa misituni Afrika ya Kati na Magharibi kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2016, mkutano wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini uliofanyika Johannesburg uliamua kuzuia biashara ya kasuku hao wa porini. Tanzania nayo ina kisa chake. Kusini na mashariki ya Ziwa Victoria kuna kasuku mdogo, mwili wa kijani, shingo ya njano, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu. Kwao ni Tanzania ya kaskazini. Katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa kasuku wa porini waliouzwa zaidi duniani. Wapo watu wa Ulaya waliokuwa naye sebuleni wakati mtoto wa Kimara au wa Kibamba hajawahi hata kumwona kwenye picha. Usafirishaji nje wa wanyamapori hai ulisitishwa na serikali mwaka 2016. Juni 2022 lilitoka tangazo la kuufungua kwa muda, kelele zikawa nyingi, na hatua hiyo ikasimamishwa mara moja.

Kumbuka pia kwamba kumfuga ndege wa porini nyumbani bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hata kama ulimnunua kwa kijana wa njiani mwenye tundu la waya na maneno matamu.

Mjukuu mkubwa alirejea na karanga kwenye karatasi. Alitaka kumtupia kasuku. Kijana wa ufagio alimzuia, kwa heshima lakini bila kusita, na hapo wageni wengi huona wanabaniwa raha yao bure. Hawabaniwi. Mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulifika kwenye chakula chao, mashudu ya karanga yaliyoota ukungu, na huo ndio ukawa mwanzo wa wanasayansi kuigundua sumukuvu. Ni sumukuvu hiyohiyo iliyoua watu mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, kupitia mahindi yaliyochafuliwa. Karanga za kwenye karatasi zinaweza kuwa salama kabisa, lakini mgeni hana namna ya kujua kwa macho, na ini la ndege ni dogo. Bisi zenye chumvi na biskuti nazo ni hivyohivyo. Kama una hamu ya kumlisha ndege, muulize mtunzaji kwanza.

Karanga zikaliwa na wenyewe. Baada ya mikono kunawiwa, lakini, maana bibi alikuwa na kipande cha sabuni kwenye mkoba, amekifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Hilo la kunawa halifai kuchukuliwa kimzaha. Ndege wanaweza kubeba vimelea vya kuharisha, na kasuku na jamaa zake wanaweza kubeba bakteria wa homa ya kasuku, ambaye binadamu humvuta kwa hewa kutoka kwenye vumbi la kinyesi kilichokauka na manyoya. Mwaka 1929 na 1930 ugonjwa huo uliwatia hofu watu wa Ulaya na Marekani baada ya kasuku wagonjwa kusafirishwa kutoka Amerika Kusini. Huanza kama malaria au mafua makali: homa, kichwa kuuma, kikohozi kikavu. Unatibika kwa antibayotiki, mradi daktari ajue kwamba mgonjwa alikuwa karibu na ndege. Kwa mgeni wa saa moja anayetazama akiwa nje ya wavu hatari ni ndogo. Inatosha kutoingiza vidole kwenye wavu, kutokula huku mtu akishika uzio, na kunawa kwa sabuni kabla ya chakula. Mwenye unyoya wa tausi kwenye kofia naye anawe, kisha unyoya uoshwe nyumbani. (Mtoto huyu aligoma kuutoa. Kofia nzima ilifuliwa Jumapili.)

Baada ya kasuku walikuja kanga, na hapo bibi alicheka kwa sauti. Alikuwa amejifunga khanga. Inasemekana vazi hilo lilipata jina kutokana na madoadoa ya ndege huyu, na bibi alishika pindo lake akaliweka karibu na wavu.

"Haya, mume wangu, nani kamwiga mwenzake?"

Mtoto akatazama kanga, akatazama khanga, akafikiri. "Ndege kakuiga wewe."

Watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama kusikiliza. Halafu mama mwenye mtoto mchanga akaja kukaa kwenye benchi, anyonyeshe kivulini. Bibi akawa anasimulia: kule Pangani kulikuwa na ninga, njiwa wa kijani asiyeonekana akitulia kwenye majani, hondohondo, mwenye mdomo kama amebeba mzigo, mdiria anayeng'aa bluu mtoni, na dudumizi, ambaye akianza kulia watu walianua nguo kwa sababu mvua iko njiani. Mkwewe aliporudi kumtafuta alikuta watoto wanne ambao si wa kwao wamekaa chini wanamsikiliza mama mkwe wake.

Inafaa kulisema wazi jambo la benchi, kwa kuwa wanaopanga bustani za burudani hapa nchini wengi ni vijana wenye magoti mazima. Bustani nyingi huweka viti kwenye mgahawa, penye biashara, na kuacha njia za wanyama bila mahali pa kukaa. Mzee, mjamzito, mtu mwenye pumu, mtoto wa miaka mitatu na yule anayembeba, wote hao hujikuta na njia mbili: watembee mpaka wachoke au wabaki mgahawani na soda. Benchi lenye egemeo, chini ya kivuli, kila baada ya hatua 50 au 60, huwapa njia ya tatu. Bomba la maji na sabuni liwe karibu na wanyama, lisiwe mwisho wa safari. Vibao vya majina vishuke hadi kimo cha mtoto na viandikwe Kiswahili. Na kama fedha za mabenchi ni chache, yaanzie upande wa ndege. Simba unaweza kumwona kwa dakika mbili ukiwa umesimama. Ndege ukimtazama umesimama huoni kitu. Ukikaa, anakusahau, anaanza kazi zake.

Kigali wamelifanyia kazi wazo hili. Korongo taji, yule mwenye kishada cha dhahabu kichwani ambaye yuko katikati ya bendera ya Uganda, ameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka tangu 2012, kwa sababu mabwawa anakozalia yanalimwa na kwa sababu watu humkamata awe pambo la bustani za majumba na hoteli. Nchini Rwanda, daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianza mwaka 2014 kazi ya kuwatoa korongo hao kwenye ufungwa. Walioweza kuruka walirudishwa porini. Waliokatwa au kuvunjika mbawa, zaidi ya 50, walipewa makazi kwenye ardhi oevu iliyofufuliwa jijini Kigali, panapoitwa Umusambi Village. Wageni hutembea humo kwa vijia na kuwatazama. Hakuna simba hata mmoja, na watu wanakwenda.

Faida kwa anayetazama nayo imepimwa. Oktoba 2022 watafiti wa King's College London walichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusisha watu karibu 1,300 waliokuwa wakijibu maswali kwenye simu zao mara kadhaa kwa siku. Kuona au kusikia ndege kuliendana na hali bora ya moyo, hata kwa watu waliogunduliwa kuwa na sonona, na tofauti hiyo ilionekana kwa hadi saa nane baadaye. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba ndege ni dawa. Lakini unatosha kumfanya mtu asiseme "ndege tu".

Kwa bibi wa Kibamba kuna hesabu nyingine iliyofanywa na mkwewe, ambaye simu yake huhesabu hatua na alikuwa naye mchana wote. Kutoka tausi kwenda kasuku, kasuku kwenda kanga, kurudi kwa tausi kwa sababu dume alikuwa amefungua manyoya, kwenda bombani, kwenda kwa mbuni, kurudi. Kila mara alikaa, kila mara akainuka. Alitembea siku ile kuliko alivyotembea wiki nzima iliyotangulia, na goti lililokataa asubuhi halikulalamika, kwa sababu halikulazimishwa kwenda mfululizo. Zamani mtu aliambiwa mazoezi yenye maana ni yale ya kuanzia dakika 10 bila kusimama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo: hata dakika chache zinahesabika. Mgonjwa wa presha aliyeambiwa atembee na akashindwa nusu saa ya mfululizo hajashindwa. Aanze na hatua 30 na benchi.

Mjukuu mkubwa alimwona simba akiamka, saa tisa na nusu. Alisema alipiga miayo tu.

Walirudi na pantoni ya jioni. Kwenye mwendokasi kijana mmoja alimpisha bibi kiti, akalala mpaka Kimara, na mtoto akalala mapajani pake na kofia yenye unyoya ikiwa imeshikwa kwa mikono miwili.

Presha yake mwezi uliofuata haikushuka kwa maajabu, na dawa ni zilezile. Kilichobadilika ni asubuhi. Saa 12, kabla jua halijakaza na kabla saluni haijafunguliwa, bibi na mjukuu hutoka getini na kufuata njia ya ndani inayoteremka bondeni, ambako bado kuna migomba, mikorosho na mkuyu mmoja mkubwa. Wanakwenda polepole. Kuna gogo nusu ya njia, ndilo benchi lao. Upande huu wa jiji una bahati ambayo Kariakoo haina: vibonde vya namna hiyo bado vipo, na mbele zaidi, ng'ambo ya Mbezi, liko Pori la Akiba la Pande, mabaki ya msitu wa pwani yaliyo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Kunguru wapo, hawajaenda popote. Lakini ukitoka mapema na ukakaa, unakuta hawako peke yao.

Mtoto anaandika kwenye daftari la shule, kurasa za nyuma. Yangeyange. Tausi. Kasuku. Kanga. Chozi, waliyemkuta kwenye ua la mgomba, mdogo kama kidole gumba na anang'aa kuliko tausi. Dudumizi, aliyesikika tu.

Wiki ya tatu walimwona wa kijani kwenye mkuyu, mnene kama njiwa, anakula matunda bila haraka. Bibi alisimama. Jina lilikuwa mdomoni na halikutoka. Alilisema yeye mwenyewe pale bustanini, mbele ya watoto wa watu, na sasa limepotea. Alikaa juu ya gogo, akatoa simu, akampigia dada yake Pangani.

"Dada, yule wa kijani wa kwenye mikuyu, yule tuliyekuwa hatumwoni mpaka aruke, tulimwitaje?"

Kukawa kimya kidogo, kikohozi, halafu kicheko. Mjukuu alikuwa ameshafungua daftari, penseli tayari, anasubiri.

"Ninga," simu ikasema.